Kujenga Karakana Nyumbani: Maji Kwanza, Halafu Hewa

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wetu, mtumishi wa Serikali, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliniomba nizungumzie maandalizi ya kustaafu. Nilicheka kidogo, maana mimi ni mtu wa miaka arobaini na kitu, na mtumishi wa Serikali hulazimika kuondoka kazini akifikia miaka 60. Lakini niliangalia orodha ya wanachama nikaona kwamba wengi wetu tuna wazo lile lile. Mmoja anataka kurudi nyumbani atengeneze viti na meza, mwingine anataka mahali pa kufungulia injini ya gari lake mwenyewe bila kusimama tope hadi magotini. Basi nimeomba ruhusa nizungumzie jambo moja tu, nalo ni jinsi ya kupanga na kujenga karakana ya nyumbani huku kwetu Rungwe. Nimejenga moja, nikaikosea, nikaijenga upya. Yale ya kuikosea ndiyo yenye faida zaidi kwenu.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi. Hakuwa na karakana. Alikuwa na baraza la nyumba, jiliwa lililofungwa kwenye gogo la mkaratusi, na sanduku la vyombo alilolala nalo chini ya kitanda. Mvua ikija kwa upepo, kazi husimama. Nilikua nikiona meza zikingojea miguu kuanzia mwezi wa Machi mpaka mwezi wa Mei, na wenye meza wakija kudai, na baba akiwaonyesha anga kwa kidole. Nilipopata kazi Serikalini nilijiwekea nadhiri kwamba siku moja patakuwa na chumba nyumbani ambamo kazi haitaisimamia mvua.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyoitimiza nadhiri hiyo. Kazi yangu ni ya mipango. Mshahara wangu naupata kwa kupanga. Lakini karakana yangu ya kwanza niliipangia kwa simu kutoka Dodoma. Nilimpigia mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye ndiye seremala wetu nyumbani, nikamwambia, "Jenga chumba cha mita tano kwa nne, mlango hapo mbele, bati juu, basi." Naye akauliza, "Mbele ni wapi, kaka?" Nikamjibu kwamba mbele ni kule kwenye mandhari nzuri, yaani upande wa kusini, tuone bonde linavyoshuka kwenda Kyela. Nilidhani ni swali la kijinga, kumbe ndilo swali lililofaa kuulizwa siku nzima.

Kila aliyekulia hapa anajua mvua zetu kubwa za Aprili zinatoka wapi. Upepo wa kusini-mashariki hupita juu ya Ziwa Nyasa, ukabeba unyevu, ukapanda nao kuelekea milimani, na ukifika huku juu unamwaga kila kitu. Ndiyo sababu Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma ninakofanyia kazi mtu akipata milimita 600 hushukuru. Mimi nikaweka mlango wa mita tatu ukiitazama mvua hiyo uso kwa uso. Mwaka wa kwanza maji yaliingia mpaka kwenye meza ya kazi. Mdogo wangu akatundika turubai mlangoni. Mwaka wa pili akatengeneza milango mizito ya mbao, akaifunga wakati wote wa masika na wakati wote wa baridi. Kwa kuogopa wezi na baridi, nilimwagiza azibe kwa matofali zile tundu za hewa zilizokuwa juu ya madirisha. Ndugu zangu, naomba muyashike maneno hayo: ni mimi niliyemwagiza azibe.

Ikaja Julai. Mnajua Julai yetu, ukungu unakaa mpaka saa nne na vidole havikunjiki. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, na mdogo wangu alikuwa na milango minne ya nyumba ya mteja ambayo ilitakiwa Jumamosi. Akaingiza jenereta ndogo ya petroli ndani isiibwe na isilowe, akafunga milango, akawasha, akaendelea kupiga randa ya umeme. Mama yangu ndiye aliyempelekea chai. Alipofungua mlango alimkuta amekaa chini, kichwa kimeegemea mguu wa meza, jenereta ikiendelea kunguruma kama kawaida. Mama ni mtu mzima, lakini alimburuta yeye mwenyewe mpaka kwenye majani nje. Alizinduka. Alitapika mchana kutwa na kichwa kilimuuma siku tatu. Mama anasema alitaka kwanza amalizie kumenya ndizi ndipo apeleke chai, akabadili nia kwa kuwa chai ilikuwa inapoa. Mimi nilipata habari hizi kwenye simu, nikiwa kwenye kikao cha bajeti.

Moshi ule wa hatari hauonekani wala haunuki. Wataalamu huuita kaboni monoksidi. Hutoka kwenye injini yoyote ya petroli au dizeli, na hutoka kwenye jiko la mkaa vile vile. Ukiuvuta, hushikamana na damu kwa nguvu kuliko hewa safi tunayoihitaji, na damu ikawa haina nafasi tena ya kubeba hewa ile. Mtu husikia uzito wa kichwa, halafu usingizi, na usingizi ule humzuia kuinuka akafungue mlango. Katika wilaya ya baridi kama hii, ambamo watu huota jiko la mkaa chumbani mwezi wa saba, haya si mambo ya karakana peke yake. Wadogo zangu mnaokaa bwenini, nanyi pia nimewaambia.

Mwaka uliofuata nilichukua likizo yangu yote nikaja kubomoa.

Mara hii sikuanza na matofali. Nilianza kwa kutembea kiwanjani mvua ikinyesha, nimevaa magunia kichwani kama mchunga ng'ombe, nikiangalia maji yanapita wapi. Kiwanja chetu, kama viwanja vingi vya Rungwe, kiko kwenye mteremko. Ukikata kilima upate mahali pa tambarare, unapata sehemu mbili: nyuma ni udongo uliokatwa, ambao haujasogezwa, na mbele ni udongo uliojazwa. Ule wa kujazwa utashuka tu, mwaka huu au mwakani, nao utapasua ukuta. Msingi wa karakana ulale kwenye udongo uliokatwa, na kifusi kiwe uwanja wa kugeuzia gari. Halafu huko nyuma, baina ya kilima na ukuta, chimba mtaro wa kukinga maji ya mlimani kabla hujachimba msingi wenyewe. Mimi niliuacha mita moja na nusu kutoka ukutani, nikaujengea kwa mawe. Mawe hatununui kwetu. Mlima Rungwe na ndugu zake walitutapikia zamani, ukipiga jembe unakutana nayo.

Maji ya juu nayo yana hesabu yake, na hesabu hii wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaiweza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa langu ni mita za mraba 50. Mvua ya milimita 40, ambayo Aprili ni mvua ya alasiri moja tu, inatupa lita 2,000. Kama hakuna gata, lita hizo zote zinachimba chini ya ukuta. Nimeweka gata pande mbili na tangi la lita 5,000, na mama hachoti tena maji ya kufulia kisimani. Bati nimezitokeza nje ya ukuta kwa karibu mita moja upande wa kusini. Wazee wetu waliojenga nyumba za mianzi walijua jambo hilo, paa la nyasi waliliteremsha likaufunika ukuta. Sisi tuliosoma ndio tunaokata bati fupi ili nyumba ionekane ya kisasa.

Mlango nimeugeuza magharibi, unatazamana na jiko la mama. Mandhari nimeyaachia dirisha.

Baada ya hapo ndipo nilipochukua mambo na kamba. Hakuna karatasi inayoweza kukuambia ukweli kama kamba iliyotandazwa chini. Tuliazima pikapu ya jirani, tukaiegesha ndani ya kamba, tukafungua milango yake yote miwili, tukamwambia mtu azunguke na ndoo mkononi. Pikapu ya kawaida ina urefu wa mita tano na kitu. Chumba changu cha kwanza cha mita tano kilikuwa kifupi kuliko gari lenyewe, na hakuna aliyenieleza kwa sababu sikumwuliza mtu! Ukubwa tulioupata kwa kamba ulikuwa mita 7 kwa 6. Gari linakaa upande mmoja, kazi ya mbao upande wa pili, na lango ni mita tatu kwa upana. Ukiwa na kiwanja cha mjini Tukuyu, peleka mchoro Halmashauri upate kibali kabla ya kuchimba, na umwulize jirani yako kuhusu kelele. Jirani aliyeulizwa mapema huvumilia sana.

Mbao ndizo zilizotupa fundisho kubwa. Mbao zetu nyingi za sokoni zina urefu wa futi 12. Ukitaka kupasua ubao wa futi 12 kwenye msumeno wa meza unahitaji futi 12 mbele ya msumeno na futi 12 nyuma yake, jumla futi 24 mbali na meza yenyewe. Chumba cha mita 7 ni futi 23. Watu wengi wakifika hapo hukata tamaa, au huweka msumeno mlalo mlalo, na fundi anabaki kujipinda baina ya ukuta na ubao. Hapo ndipo vidole hupotea, maana mkono unafuata mwili uliokosa nafasi. Mdogo wangu ndiye aliyepata dawa. Tuliuweka msumeno katikati, ukielekezana na lango, na kwenye ukuta wa nyuma tukaacha tundu la upana wa sentimita 60, usawa wa meza, lenye kifuniko cha mbao na komeo kwa ndani. Ubao mrefu ukipita hutokeza nje chini ya paa. Tundu hilo halikutugharimu kitu, bali lilitupunguzia matofali.

Nilitaka pia shimo la kuingilia chini ya gari, kama nilivyoona kwenye gereji za Mbeya mjini. Tulilichimba. Masika yalipokuja tukapata kisima, na vyura wake. Zaidi ya hayo nikaja kuelezwa na fundi mmoja mzee kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutiririka kama maji ukakaa shimoni, ukimngojea mtu mwenye taa au cheche. Nililifukia bila majuto. Badala yake tulitumia mteremko tuliopewa na Mungu: nje, ukingoni mwa uwanja, tulijenga kuta mbili nene za mawe na zege zenye upana wa tairi, zikienda usawa wakati ardhi katikati yake inashuka. Gari linaingia juu yake bila kupanda, na mtu anasimama wima chini ya injini, kwenye hewa. Aliye Dodoma hana mteremko huo, hana budi kuchimba.

Sakafu tumeiinua sentimita 20 juu ya ardhi ya nje. Upande wa gari jamvi lina unene wa sentimita 10 na linainama kidogo kuelekea langoni, kiasi cha sentimita moja kwa kila mita, ili maji ya tairi yatoke yenyewe. Upande wa meza ni sawa kabisa, maana meza ikiwa juu ya sakafu iliyoinama utaichomekea vipande vya mbao maisha yako yote.

Sasa hewa. Juu kabisa chini ya paa, pande zote mbili zinazoelekeana, tumeacha matofali yenye tundu mstari mzima, na ndani yake wavu wa chuma dhidi ya wezi na popo. Chini karibu na sakafu zipo nyingine nne. Hazina kifuniko wala pazia. Atakayesikia baridi avae sweta. Jenereta ina kibanda chake nje, mita sita kutoka ukutani, chenye paa na mlango wa nondo wenye kufuli, na waya wake umepita ardhini ndani ya bomba. Kibanda hicho kilikula matofali mia na kitu na siku mbili za fundi. Kila ninapokitazama nafikiri juu ya ile chai.

Katika umeme nisiwachoshe, ila msifanye wenyewe. Tumieni fundi aliyesomea, na mwambieni avute mistari mitatu tofauti kutoka kwenye kisanduku: taa peke yake, mashine peke yake, na mashine ya kuchomelea peke yake. Ikiwa zote ziko mstari mmoja, siku msumeno utakapoangusha swichi utabaki gizani huku meno ya msumeno yakiwa bado yanazunguka. Swichi kuu iko kando ya lango, usawa wa bega, na kila mtoto wa nyumbani ameonyeshwa jinsi ya kuizima. Nina sababu. Mvua yetu ikipiga bati hakuna sauti inayosikika humo ndani, wala ya fundi wala ya anayemwita, kwa hiyo aliye nje lazima aweze kuzima bila kuuliza. Kuchomelea na kunoa kwa jiwe la umeme tumekutoa kabisa kwenye vumbi la mbao, kunafanyika barazani, mbali na debe la petroli.

Mwanga wa kazi tumeupata kwa madirisha mawili mapana ya upande wa kaskazini, maana huku kwetu kusini mwa Ikweta jua hukaa kaskazini kwa sehemu kubwa ya mwaka, na siku za ukungu hata mwanga kidogo una thamani. Meza ya useremala iko chini ya madirisha hayo. Urefu wake tuliupima kwa mwili wa mdogo wangu mwenyewe: alisimama wima, mikono imening'inia, meza ikaishia kwenye kifundo cha mkono. Jiliwa la chuma ni jingine, midomo yake iwe sawa na kiwiko ili tupa iende mbele bila kukupinda mgongo. Mbao zinazokauka zinalala juu kwenye kenchi, na vipande vyembamba vikitenganisha ubao na ubao. Kutu ndiyo adui aliyebaki. Patasi ikiachwa wazi mwezi wa Machi, Aprili ni nyekundu. Tunapaka mafuta kila jioni, na vyombo vidogo vinakaa kabatini, kabati limeinuliwa na halikugusa ukuta.

Mtaniuliza gharama. Sitawatajia kwa sababu bei ya saruji ya leo si ya mwakani, lakini nitawaambia mpangilio nilioufuata nikiwa na mshahara wa kila mwezi. Mwaka wa kwanza mtaro, msingi na jamvi. Mwaka wa pili nguzo na paa pamoja na gata, bila kuta, na kazi ikaanza hapo hapo chini ya paa. Kuta na lango mwaka wa tatu. Mashine zilikuja mwisho, moja moja, na kabla ya kununua ule msumeno tulikwenda kuuliza kwa watu wa SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi. Nawafahamu ndugu waliofanya kinyume: walinunua mashine kwanza, zikakaa sebuleni zimefunikwa shuka, na sasa zinatumika kuwekea televisheni.

Mdogo wangu yupo hapa leo, amekaa nyuma pale, ingawa hakusoma katika shule hii. Ameajiri vijana wawili, na mwaka jana walifanya kazi mwezi mzima wa Aprili bila kusimama. Mimi bado ni mgeni katika karakana ile, hufika wakati wa likizo nikapewa kazi ya kupiga msasa.

Mchoro wenye vipimo vyote, pamoja na lile tundu la ukutani na kibanda cha jenereta, nimemkabidhi Ndugu Mkuu wa Shule ili uwekwe maktaba, na yeyote ana ruhusa ya kuunakili. Mdogo wangu amekubali kupokea wanafunzi watakaopenda kuja kuangalia siku za Jumamosi. Anaomba tu mje na viatu vilivyofunika vidole, na mkifika mpite kwanza jikoni kumsalimu mama.